Chupa ya mchanga kutoka Sardinia

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni wiki iliyopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji waliokosa kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, barua ninayoijibu leo imeandikwa na mzee mmoja wa Mwananyamala, Dar es Salaam. Mpwa wake ni baharia. Mwezi uliopita kijana huyo alirudi likizo akamletea mjomba wake zawadi: kopo la kahawa, shati, na chupa ya maji iliyojazwa mchanga mweupe alioukusanya katika kisiwa cha Sardinia, nchini Italia. Mzee akaiweka chupa juu ya kabati. Jirani mmoja aliyewahi kuishi Ulaya alipoiona alishtuka, akasema huo ni wizi, na kwamba watu hushtakiwa kwa ajili yake. Mzee anauliza: "Mwanangu, mchanga nao unaibiwa? Au jirani yangu ananichezea?"

Mzee wangu, jirani yako hakuchezei. Tangu mwaka 2017 Sardinia ina sheria inayokataza kuchukua mchanga, kokoto au makombe ufukweni. Faini yake ni kati ya euro 500 na euro 3,000. Agosti 2019 mume na mke kutoka Ufaransa walikamatwa katika bandari ya Porto Torres wakijiandaa kupanda meli kurudi kwao. Ndani ya gari lao zilikutwa chupa 14 za plastiki zenye mchanga wa karibu kilo 40, uliochotwa katika ufukwe wa Chia, kusini mwa kisiwa. Walijitetea kwamba walitaka kumbukumbu tu. Kosa waliloshtakiwa liliweza kuwapeleka jela.

Najua kuna wanaocheka. Sisi tuliozoea kuona malori yakipita na mchanga wa kujengea, tena ukimwagika barabarani, chupa moja ni kitu gani? Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kwenda hukohuko na kuangalia mchanga wenyewe unatoka wapi.

Bahari ya Mediterania haina tabia za bahari yetu. Hapa Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Asubuhi unaogelea, mchana unatembea palepale ukiokota chaza. Kule Sardinia tofauti hiyo kwa kawaida haifiki hata nusu mita. Bahari imekaa mahali pake kutwa, na ufukwe ni ule ule mwembamba unaouona. Aidha, sehemu kubwa ya pwani ya mashariki, katika ghuba ya Orosei, ni majabali ya mawe ya chokaa yanayosimama wima juu ya maji. Mahali pachache tu jabali limeachia nafasi, pakafanyika kighuba kidogo chenye mchanga au kokoto nyeupe katikati ya kuta mbili za mawe. Wenyewe hukiita cala. Kuna Cala Luna, Cala Sisine, Cala Mariolu, Cala Goloritzè na vingine. Cala Luna na Cala Sisine viko kwenye midomo ya mabonde ambayo mwaka mzima ni makavu, ila mvua kubwa ikinyesha maji hushuka kwa nguvu na kuleta mawe madogo baharini.

Hivi ndivyo vighuba ambavyo watalii wa Ulaya huvitafuta wanaposema wanataka pwani tulivu. Havina barabara wala hoteli. Unakwenda kwa mashua kutoka Cala Gonone au Santa Maria Navarrese, au unakwenda kwa miguu. Kufika Goloritzè unaanzia uwanda wa Golgo, juu ya mji mdogo wa Baunei, mji wa wachungaji wa mbuzi, na unateremka njia ya mawe yenye urefu wa kama kilomita 3 na nusu. Kuteremka si kazi. Kazi ni kurudi, maana ni kupanda zaidi ya mita 400 jua likikuchoma mgongoni, na njiani hakuna mahali pa kununua maji. Anayevaa ndala hujuta. Watu wazoefu huenda Mei, Juni mwanzoni au Septemba, na huanza safari alfajiri.

Sasa huo mchanga. Sehemu yake ni mawe yaliyosagika kwa maelfu ya miaka. Katika ufukwe wa Is Arutas, upande wa magharibi, punje zake ni kubwa na nyeupe, nyingine zikipiga rangi ya waridi, mtu akizitazama upesi atadhani ni mchele umemwagwa. Hizo zimetokana na majabali ya graniti yaliyokatika polepole mno, tangu kabla mwanadamu hajakanyaga kisiwa hicho. Hakuna kiwanda kinachotengeneza nyingine. Na kwa kuwa ni nzuri kuliko zote, ndizo zinazoibwa sana.

Sehemu nyingine ya mchanga, na hapa ndipo nilipostaajabu mimi mwenyewe nilipoanza kuyasoma mambo haya, hutokana na viumbe hai. Chini ya maji kuna mbuga za majani yaitwayo posidonia. Si mwani. Ni mmea kamili wenye mizizi, maua na matunda, na aina hii haipatikani katika bahari nyingine yoyote ila Mediterania. Unakua taratibu kupita kiasi, sentimeta chache tu kwa mwaka. Ndani ya majani hayo huishi konokono, chaza na vijidudu vyenye magamba. Wakifa, magamba yao husagwa na mawimbi, yakasukumwa hadi ufukweni yakiwa mchanga. Mbuga hizo pia hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika pwani. Halafu wakati wa baridi majani makavu hutupwa nchi kavu yakarundikana kama magodoro ya kahawia. Mgeni huyaona ni takataka, hulalamika kwamba yananuka, na wenye hoteli huagiza yazolewe kwa trekta. Kumbe rundo hilo ndilo linaloukinga mchanga usichukuliwe na dhoruba, na trekta likiyazoa huzoa na mchanga wake. Nanga za mashua nazo huyang'oa majani hayo na mizizi yake, na pengo lililoachwa na nanga moja linaweza kuchukua miaka mingi mno kuziba.

Kwa hiyo, mzee wangu, fikiria kighuba kama ghala lisiloletewa bidhaa mpya ila kwa kijiko. Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Katika ufukwe wa La Pelosa, karibu na mji wa Stintino, wanaruhusiwa watu 1,500 kwa siku wakati wa kiangazi. Tuseme kila mmoja anaondoka na gramu 100 tu, bila hata kukusudia: mchanga ulionata miguuni, uliojificha katika taulo lililolowa, ulioingia mifukoni. Hiyo ni kilo 150 kwa siku. Katika siku 90 za msimu ni tani 13 na nusu, yaani lori zima. Ndiyo sababu pale La Pelosa huruhusiwi kutandika taulo moja kwa moja juu ya mchanga. Lazima utandike mkeka kwanza, kwa kuwa mkeka haushiki mchanga kama taulo. Sisi wa pwani tungeweza kuwaambia hivyo siku nyingi.

Mfano unaosikitisha zaidi uko kaskazini, katika kisiwa kidogo cha Budelli. Huko kuna ufukwe wa rangi ya waridi, Spiaggia Rosa. Rangi hiyo hutokana na magamba mekundu ya kijidudu kidogo sana kinachoishi katika mbuga za posidonia. Mwaka 1964 mwongoza filamu Michelangelo Antonioni alionyesha ufukwe huo katika filamu yake ya Il deserto rosso, na watu wakaujua. Wakaja kwa mashua, wakatia nanga juu ya majani, wakajaza chupa na mifuko. Waridi likapauka. Ilipofika mwaka 1994 visiwa hivyo vilifanywa hifadhi ya taifa, na ufukwe ukafungwa. Haukanyagwi hata leo. Kwa miaka mingi mlinzi wake alikuwa Mauro Morandi, mwalimu wa zamani wa mazoezi ya viungo, ambaye chombo chake kiliharibika karibu na hapo mwaka 1989 akiwa na nia ya kusafiri hadi visiwa vya Polynesia. Alikuta mlinzi aliyekuwapo anaondoka, akashika nafasi yake, akaishi peke yake kisiwani mpaka mwaka 2021. Alifariki Januari 2025.

Hapa pana swali lililo gumu kuliko la sheria. Pwani ni ya nani? Kwa sheria za Italia ufukwe ni mali ya dola, na kila mtu ana haki ya kufika kwenye maji. Lakini pahali tulivu hapabaki tulivu kila mtu akiitumia haki yake siku moja. Sardinia yenyewe imejaribu njia mbili.

Njia ya kwanza inamhusu mtu ambaye wengi wetu tunalijua jina lake. Mwaka 1962 Karim Aga Khan, yule yule aliyeishi Nairobi utotoni na aliyeanzisha magazeti ya Nation na Taifa nchini Kenya, aliongoza kundi la matajiri walionunua ardhi ya malisho kaskazini mashariki mwa Sardinia. Wakajenga hoteli, nyumba na bandari ya mashua za anasa, wakapaita Costa Smeralda. Majengo yalibanwa na masharti makali yasiipite mandhari, na lazima nikiri kwamba pwani hiyo haikuharibiwa kwa maghorofa kama zilivyoharibiwa nyingine za Mediterania. Lakini mlango wake ni bei. Mchanga ni wa umma kisheria, ila mwenye mshahara wa kawaida atalala wapi, na gari ataliegesha wapi?

Njia ya pili ni ya Baunei. Kule hawakujenga, wamehesabu. Goloritzè huingia watu 250 tu kwa siku. Unajiandikisha mapema kwa programu ya simu, unalipa kiingilio cha euro chache, unapewa nafasi yako. Mwaka 2025 kighuba hicho kilitajwa cha kwanza katika orodha moja ya kimataifa ya fukwe bora 50, na bila shaka maombi yakaongezeka. Nafasi zikabaki 250. Ukichelewa kujiandikisha unageuzwa, uwe umetoka Milano au kijiji cha jirani.

Wapo wanaolalamika, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Mtu aliyeogelea hapo tangu utoto kuambiwa apange foleni na mgeni, tena kwenye simu, ni jambo chungu. Mwenye mashua anayeishi kwa kubeba watalii naye ana watoto wa kulisha. Hata hivyo, mimi nikiulizwa nitachagua foleni kuliko bei. Foleni haimuulizi mtu mfuko wake, na huisha ukiwahi kuamka. Bei haina mwisho. Budelli inatuonyesha vilevile kwamba pasipo foleni wala bei, kinachobaki ni kamba na kibao cha kukataza, na hapo hakuna aliyepata.

Jambo moja zaidi kwa faida ya wale wanaosafiri. Katika viwanja vya ndege vya Sardinia mizigo hupitishwa kwenye mashine, na mchanga huonekana. Kwa miaka kadhaa sasa baadhi ya wafanyakazi wa ulinzi wa viwanja hivyo wamekuwa wakiukusanya mchanga unaokamatwa, wakautenga kwa kadiri ya ufukwe uliotoka, kisha wakaurudisha. Si kazi rahisi. Mchanga wa Is Arutas ukimwagwa Chia ni uharibifu mwingine. Tena hupokea vifurushi vya posta kutoka nchi mbalimbali, vya watu walioondoka na mchanga miaka mingi iliyopita, wakazeeka, moyo ukawasuta, wakaurudisha na barua ya kuomba radhi.

Basi, mzee wangu wa Mwananyamala, nisingependa ulale na wasiwasi. Hakuna askari wa Italia atakayekuja kugonga mlango wako. Zawadi ni ya upendo, na mpwa wako hakujua. Ila mwulize, kabla hajasahau, aliuchota ufukwe gani hasa. Andika jina hilo kwenye karatasi, ulibandike kwenye chupa. Umesema katika barua yako kwamba kijana anarudi melini mwezi ujao na kwamba meli yao hupita Cagliari. Uzito wa chupa hiyo hautamlemea, na akifika bandarini aikabidhi kwa wenyewe kabla hawajaikuta kwenye begi lake. Kopo la kahawa baki nalo.