Somo Moja, Televisheni 16: Njia ya Kufikisha Picha ya Moja kwa Moja Katika Shule za Rusizi

Machi 2020 Rwanda ilipofunga shule kwa sababu ya virusi vya korona, masomo yalihamia redioni na kwenye televisheni. Mtoto wa Kamembe, wilayani Rusizi, alifuata somo sebuleni, ikiwa nyumbani kwao palikuwa na runinga. Mwaka huohuo serikali ilianza ujenzi wa madarasa mapya zaidi ya 22,000 nchi nzima ili kupunguza msongamano, na kuanzia Novemba wanafunzi wakarudi shuleni kwa awamu.

Swali sasa limegeuka. Wanafunzi wapo, vyumba vimeongezeka, lakini mwalimu hodari wa fizikia ni mmoja, na tukio linalorushwa kutoka Kigali ni moja. Tuchukue shule yenye televisheni 16, majengo yake yamepangwa ngazi kwa ngazi kwenye mteremko unaotazama Ziwa Kivu. Picha moja itazifikiaje zote kwa wakati mmoja? Inategemea picha hiyo inagawanywa wapi, na inapita kwenye waya wa aina gani.

Kugawa mawimbi ya antena

Njia kongwe ni antena moja juu ya paa, kebo moja, kisha vigawanyaji. Rwanda ilizima matangazo ya analojia Julai 2014, lakini kebo ya antena bado inafanya kazi ileile. Tatizo lake ni nguvu. Kila kigawanyaji cha njia mbili huikata nguvu ya mawimbi katikati. Kufikia televisheni 16 lazima uikate mara nne, na kila chumba hupata chini ya sehemu moja kati ya 16. Kebo nayo ina ulaji wake: aina ya RG-6, inayouzwa madukani, hupoteza takriban desibeli 18 kwa mita 100 katika masafa ya televisheni. Kinachofika mwisho wa mita hizo ni kama sehemu moja kati ya 60 ya kilichoingia.

Zamani upungufu huo ulionekana kwa chenga kwenye kioo. Dijitali haitoi onyo: picha ni safi kabisa, kisha ghafla inaganda. Ndiyo maana ampilifaya huwekwa karibu na antena, kabla ya kugawa. Ukiiweka mwisho wa kebo, itakuza mawimbi dhaifu pamoja na makelele yaliyokwisha kuyavamia.

Hata hivyo njia hii ina sifa kubwa. Televisheni zote hupokea kwa wakati mmoja, bila kompyuta na bila intaneti. Shule inaweza pia kuongeza modyuleta, kifaa kinachogeuza picha ya kamera yake kuwa chaneli, ili somo la maabara lionekane katika kila darasa.

Kunakili badala ya kugawa

Mtandao wa kompyuta hufanya jambo tofauti: haugawi nguvu, unanakili data. Picha ya HD isiyobanwa, yenye nukta 1,920 kwa 1,080 na fremu 25 kwa sekunde, ni zaidi ya megabiti 1,200 kila sekunde. Mbinu ya kubana iitwayo H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, huishusha hadi megabiti 5 hivi, kwa sababu hutuma hasa kile kilichobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Ubao hausogei, kinachosogea ni mkono wa mwalimu.

Lakini kila televisheni ikifungua matangazo hayo yenyewe kwenye intaneti, shule itahitaji megabiti 80 kwa sekunde kwa ajili ya picha moja tu. Tena kila moja itachelewa kwa kiwango chake, na sauti ya chumba cha jirani itapita juu ya ukuta usiofika paani kuwavuruga wanaosikiliza.

Dawa yake ilielezwa na Steve Deering wa Chuo Kikuu cha Stanford katika waraka wa kiufundi wa Agosti 1989. Badala ya mwalimu mkuu kutuma wajumbe 16 wenye tangazo lilelile, anamtuma mmoja, na tangazo linanakiliwa pale tu njia inapogawanyika. Katika mtandao, televisheni hujiandikisha kwenye kundi, na swichi hupeleka nakala kwenye matundu yaliyoomba tu. Kati ya jengo na jengo hupita megabiti 5, ziwe televisheni mbili au mia. Shule inapokea mara moja kutoka nje, mengine yote yanafanyika ndani. Sharti lake ni swichi inayoelewa makundi hayo, na waya hadi kwenye televisheni. Wai-fai haifai sana hapa, kwani matangazo ya kundi kwa kawaida hupita humo kwa kasi ya chini, na pakiti iliyopotea hairudiwi.

Radi haibagui waya

Hapa ndipo Rusizi inapodai uangalifu wake. Mwaka 2016 watafiti walichapisha ramani ya radi duniani kutokana na vipimo vya miaka 16 vya setilaiti. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza. La pili duniani, na la kwanza Afrika, lilikuwa eneo la Kabare katika mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Kivu, lenye miali zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Rwanda inaijua hatari hiyo: Machi 2018 radi iliua watu 16 kanisani wilayani Nyaruguru.

Radi si lazima ipige jengo ili kuunguza vifaa. Ikipiga ardhi karibu na jengo moja, volteji ya ardhi hapo hupanda kuliko ya jengo jingine, na waya wa shaba unaoyaunganisha huwa daraja. Swichi na televisheni za pande zote mbili huungua pamoja. Dawa ni kuunganisha majengo kwa faiba: faiba ni kioo, na kioo hakipitishi umeme. Tena waya wa shaba wa mtandao unakoma mita 100, ilhali faiba hubeba data kilomita kadhaa. Inunuliwe ile isiyo na waya wa chuma ndani yake, la sivyo faida hiyo inapotea. Antena na paa bado vinahitaji kinga ya radi na waya wa ardhini, na kabla mvua ya radi haijafika, televisheni zichomolewe.

Kwa shule za Rusizi, basi, mpango ulio salama ni huu: kupokea picha mara moja, faiba kati ya majengo, shaba ndani ya jengo tu. Wakuu wa shule na kamati za wazazi wanaojenga leo, hata kama televisheni hazipo kwenye bajeti, wekeni bomba la plastiki katika kila mtaro kabla haujafukiwa. Bomba hilo ni rahisi sasa. Kuchimba upya chini ya sakafu ya saruji ni gharama.