Rwanda Haimo Kwenye Orodha

Gemu ya video ya siku hizi huuzwa kama ruhusa ya kucheza, na ruhusa hiyo hubaki mikononi mwa kampuni hata baada ya fedha kulipwa. Masharti yake yamo katika mkataba mrefu ambao karibu kila mtu huukubali bila kuusoma. Mwaka 2024 jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria ya kuyalazimisha maduka ya mtandaoni kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Duka la Steam lilianza kuonyesha tangazo hilo Oktoba mwaka huohuo. Manung'uniko mengi ya wachezaji duniani yanatokana na jinsi ruhusa hiyo inavyotumiwa: kampuni ndiyo inayoamua nani acheze, akiwa wapi, na mpaka lini.

Mjini Kigali lalamiko huanza mapema zaidi, kabla hata ya kununua. Mashine ya PlayStation humtaka mwenyewe afungue akaunti katika mtandao wa Sony, PlayStation Network, na kutaja nchi anayoishi. Orodha ina Oman, ina Romania, Rwanda haimo. Kusini mwa Sahara iliyomo ni Afrika Kusini peke yake, kwa hiyo Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo nazo ziko nje. Nchi ambayo mwaka 2018 ilianza kujitangaza kwenye jezi za Arsenal, na mwaka 2019 kupitia Paris Saint-Germain, haina nafasi katika mashine ileile ambayo vijana wa mitaa ya Nyamirambo na Remera huitumia kushindana katika mechi za timu hizo.

Anayetaka kucheza hana budi kudanganya. Anaandika kwamba anaishi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na akishaandika hawezi tena kubadilisha nchi ya akaunti hiyo. Hapo ndipo usumbufu unapoanza. Kadi ya benki iliyotolewa Kigali mara nyingi hukataliwa, kwa kuwa hailingani na nchi iliyotajwa, na MoMo, huduma ya malipo ya simu ambayo mjini hulipia karibu kila kitu, haitambuliki. Inabaki kununua kadi za zawadi za nchi ile ya uongo kutoka kwa wachuuzi wanaoongeza faida yao juu, wakati gemu mpya kubwa tayari ni dola 70, yaani takribani faranga 100,000 kwa viwango vya 2025. Diski nazo zina mtego wake. Gemu iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, ikaletwa Kigali kutoka Dubai, itacheza vizuri. Lakini nyongeza yake ikinunuliwa kwa akaunti ya Marekani haitaingiliana na diski hiyo, na fedha imekwenda. Kulalamika nako ni kugumu, maana mkataba unataka taarifa za kweli, na mlalamikaji ndiye aliyeanza kwa kutaja anwani isiyo yake.

Hali hii haikuwahi kusikika sana nje mpaka Mei 2024, kwa sababu ya gemu iitwayo Helldivers 2. Ilitengenezwa na kampuni ya Arrowhead ya Sweden, ikachapishwa na Sony, na kuanzia Februari 2024 iliuzwa kwa dola 40 kwa wenye PlayStation na wenye kompyuta. Tarehe 3 Mei Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa kompyuta, ambao walikuwa wamecheza karibu miezi mitatu bila shida, sasa lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network. Ikadhihirika kwamba gemu ilikuwa imeuzwa katika nchi ambazo akaunti hiyo haifunguliki kihalali. Steam ikaiondoa dukani katika nchi na maeneo 177, Rwanda ikiwamo.

Wachezaji walijibu kwa silaha waliyo nayo, yaani tathmini. Kwa siku chache zaidi ya tathmini mbaya 200,000 zilimiminika kwenye ukurasa wa gemu hiyo, na tarehe 6 Mei Sony ikarudi nyuma. Ulikuwa ushindi, na magazeti ya Ulaya na Marekani yaliuandika hivyo. Lakini katika zile nchi 177 gemu haikurudi dukani pamoja na tangazo lile. Siku kumi tu baadaye ilitoka Ghost of Tsushima kwa kompyuta, gemu ambayo hadithi yake huchezwa na mtu mmoja, huku akaunti ikihitajika kwa sehemu ya kucheza kwa pamoja tu. Nayo ikazuiwa katika nchi zilezile. Januari 2025 Sony ilitangaza kwamba akaunti itakuwa ya hiari katika baadhi ya gemu zake za kompyuta, kama God of War Ragnarök. Mwenye mashine ya PlayStation hakuguswa na unafuu huo.

Kampuni zina sababu zake, na si zote za kupuuzwa. Akaunti husaidia kuwafungia wanaocheza kwa hila. Kufungua duka katika nchi kunahitaji kufuata kodi, sheria za faragha na mifumo ya malipo ya huko, na soko likionekana dogo, gharama hiyo huahirishwa. Ila hoja ya kuzuia hila ina udhaifu wake pale mchezaji anapokuwa peke yake sebuleni, hashindani na mtu.

Mbali na akaunti, sharti la kuunganishwa na intaneti lina historia ndefu zaidi. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba mashine yake mpya, Xbox One, italazimika kuwasiliana na seva zake kila baada ya saa 24, na kwamba diski zilizotumika zitawekewa mipaka. Kiongozi wa kitengo chake cha Xbox, Don Mattrick, alisema wasio na intaneti wanayo Xbox 360, mashine iliyoitangulia. Kwa mtu anayenunua bando kwa siku, jibu hilo halikuhitaji ufafanuzi. Mpango ulifutwa Juni mwaka huohuo.

Kampuni ya Ubisoft ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 31 Machi 2024 ilizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, na kwa kuwa haikuweza kuchezwa bila seva, waliokuwa wameinunua walibaki na diski isiyo na kazi. Kisa hicho kilizaa kampeni ya mwana-YouTube Ross Scott, Stop Killing Games, inayotaka gemu ziachwe katika hali ya kuchezeka kampuni inapojitoa. Ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni 1 Julai 2025. Ni raia wa Umoja huo pekee walioruhusiwa kutia saini.

Kwa Kigali, diski ndiyo iliyobaki kuwa mali halisi: hukopeshwa, hubadilishwa na kuuzwa tena bila kumwomba mtu ruhusa. Sony iliuza PlayStation 5 ya kwanza isiyo na sehemu ya diski mwaka 2020. PlayStation 5 Pro, iliyotoka Novemba 2024 kwa karibu dola 700, haina sehemu hiyo kabisa. Anayetaka sehemu ya diski huinunua kando, na kabla ya kuitumia mara ya kwanza lazima aisajili kwa intaneti.