Thimlich Ohinga: Boma la Mawe Lililokuwa Nyumbani

Kusini mwa Kisumu, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, kuna kuta zilizojengwa yapata karne ya 16, na hadi leo zimesimama bila saruji, chokaa wala udongo wa kuziunga. Hapo ni Thimlich Ohinga. Mahali hapo palitangazwa kuwa turathi ya kitaifa mwaka 1981, na mwaka 2018 UNESCO ikapaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wengi hupaita ngome, na jina hilo limeshika kwa sababu kuta ni nene na zinatisha kidogo. Lakini jina hilo linatuonyesha upande mmoja tu. Ushahidi wa mawe yenyewe, na wa vitu vilivyofukuliwa ndani yake, unaonyesha boma la wafugaji na wakulima, watu waliojenga kwanza ili waishi. Tukilikubali hilo, hata namna ya kupatunza itabidi ibadilike.

Tuanze na ukuta. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wake kwa wastani ni mita moja. Mawe hayakuchongwa, yaliokotwa yalivyo, yenye pembe na migongo, yakapangwa kwa namna ambayo kila moja linabanwa na majirani zake. Ukitazama mahali palipobomoka utaona siri ya kazi hiyo: upande wa nje kuna mawe makubwa yaliyopangwa kwa uangalifu, upande wa ndani vivyo hivyo, na katikati yamejazwa mawe madogo madogo yanayoziba nafasi na kuzishikamanisha pande zote mbili. Ukuta haunyooki, hupinda. Na penye udhaifu mafundi waliongeza mawe ya kuuegemeza. Hapa ndipo kazi hii inapotofautiana na Great Zimbabwe, ambako mawe yalichongwa na kupangwa kwa safu zinazolingana. Mafundi wa Thimlich hawakuwa na jiwe linalochongeka kirahisi namna ile, wakabuni ufundi unaofaa jiwe walilonalo. Mvua ikinyesha, maji hupenya kati ya mawe na kutoka, hayajikusanyi ndani na kuusukuma ukuta. Kutokuwepo kwa saruji si upungufu wa kusamehewa. Ndiko kulikouwezesha ukuta huu kudumu.

Sasa tuingie ndani. Maboma makuu ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, na kubwa kuliko yote ni Kochieng. Ndani yake kuna kuta ndogo zinazogawa eneo, mazizi ya mifugo, vijia, na mabonde madogo ya mviringo ardhini yanayoonyesha nyumba ziliposimama. Yamepatikana mawe ya kusagia nafaka, vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Nje ya Kochieng kuna mahali palipofuliwa chuma. Jiwe moja limechimbwa vishimo vya kuchezea bao, mchezo ambao Waluo huuita ajua. Kambi ya askari haihitaji vitu vyote hivi kwa pamoja. Hapa palikuwa na watu waliosaga, waliopika, waliofua majembe na mikuki, na jioni wakakaa kucheza. Anayeijua dala ya Waluo, yenye lango, nyumba za wake na zizi ndani ya ua mmoja, hatapata shida kuutambua mpangilio huu.

Mtu atauliza: ikiwa palikuwa nyumbani tu, kwa nini ukuta mnene hivyo, na malango finyu yenye linta za mawe na mahali pa kuchungulia karibu na mlango? Swali ni la haki. Hatari ilikuwepo: wezi wa mifugo, wanyama wakali, majirani wasioelewana. Lakini lango finyu halimzuii adui peke yake. Humlazimu pia ng'ombe kupita mmoja mmoja asubuhi na jioni, akahesabika. Tena tufikirie kilichokuwa kikilindwa. Mali ya familia ilikuwa na miguu, na ililala hatua chache kutoka kwenye kitanda cha mwenyewe. Jamii za Kibantu na za Kiniloti zilipokezana kukaa hapa, na waliofuata waliendelea kuzitumia na kuzikarabati kuta walizozikuta, hadi katikati ya karne ya 20. Amani ya vijiji ilipoimarika na watu wakahamia kwenye maboma yenye ua wa mnyaa, kuta ziliachwa. Ngome huachwa vita vinapokwisha, mtasema, na huo ni ushahidi dhidi yangu. Kwa kiasi fulani, ndiyo. Ila hao waliohama walikwenda na mpangilio ule ule: zizi, nyumba, lango, ua unaozunguka vyote. Kilichobadilika ni kitu cha kujengea ua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: nyumba zenyewe, za miti, udongo na nyasi, zimeoza zote, kwa hiyo kilichobaki ni ua, na ua si usanifu wa nyumba. Hoja hii imezoea nyumba ya chumba na paa. Kwenye maboma ya nyanda za Ziwa Victoria, nyumba ya nyasi ilikuwa chumba cha kulala. Makao yalikuwa boma zima. Paa lilitarajiwa kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, mwenye nyumba akifa nayo huachwa ianguke. Jiwe ndilo lililobaki kurithiwa. Upande wa kaskazini wa ghuba ya ziwa hilo, kule Siaya, watu waliojenga maboma ya aina hii walitumia matuta ya udongo na mahandaki. Kusini, mawe yalikuwa tele juu ya ardhi, na kuyaondoa shambani kulikuwa kazi ya lazima hata hivyo. Mkulima aliyesafisha shamba lake alikuwa tayari amekusanya vifaa vya ujenzi.

Basi matunzo. Mwaka 2000 Thimlich Ohinga iliwekwa kwenye orodha ya World Monuments Watch ya maeneo yaliyo hatarini, na tangu hapo Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yamesimamia ukarabati. Adui wa kuta hizi anajulikana: mizizi inayopenya kati ya mawe, mitambaazi inayoyavuta, na miguu ya wageni wanaopanda juu ili kupiga picha. Wapo wanaoshauri saruji itiwe mahali palipolegea, ili tatizo liishe. Haliishi. Saruji huziba njia ya maji, hufanya sehemu moja kuwa ngumu na nyingine kubaki inacheza, na ufa unafuata. Wengine, kwa upande wa pili, wanasema jiwe lililoanguka libaki chini, kwa kuwa kulirudisha ni kughushi historia. Ningekubaliana nao kama hapa pangekuwa mabaki ya siku moja ya vita. Lakini boma hili liliishi kwa kurudishiwa mawe. Kila kizazi kilichokaa hapa kilifanya hivyo. Kurudisha jiwe kwa ufundi ule ule, baada ya kulipiga picha na kuandika lilikotoka, ni kuendeleza historia hiyo. Jambo la kuhangaikia ni kwamba mikono inayoweza kazi hiyo ni michache. Vijana wanaokaa karibu na Thimlich wafundishwe kupanga mawe makavu na walipwe kama mafundi, badala ya kuachiwa kazi ya kufyeka nyasi peke yake.

Na Thimlich si peke yake. Watafiti wameorodhesha maeneo 138 yenye maboma 521 ya mawe katika ukanda huu, mengi yakiwa ndani ya mashamba ya watu, ambako jiwe lililopangwa na babu ni msingi wa bure kwa nyumba mpya ya mjukuu. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua mahali pa aina hiyo ayaarifu Makavazi. Kwa hiyo wewe mwenye shamba Migori, Homa Bay au kwingineko, ukiona mstari wa mawe unaopinda chini ya vichaka, usichukue jiwe hata moja la kujengea. Piga picha, kisha uyaarifu Makavazi ya Kisumu.