Kwa Nini Kiraka cha Tyubu Hubanduka?



Anayetoka Ruangwa kwenda Nachingwea kwa baiskeli anaijua pancha. Mimi niliwahi kuziba tyubu kwa haraka, na kabla ya Magharibi kiraka kilikuwa kimeshabanduka. Nikailaumu gundi. Kosa lilikuwa langu: sikuikwangua tyubu.

Mpira ni molekuli ndefu kama nyuzi, zimesokotana na kushikana hapa na pale. Ndiyo maana huvutika na kurudi. Lakini kunata au kuteleza ni kazi ya uso wake, tabaka jembamba lisiloonekana kwa macho. Tyubu mpya hupakwa unga laini wa talki ili isigandane ikikunjwa. Ukibandika juu ya unga huo, kiraka kimeshika unga, hakikushika mpira.

Kwa hiyo fundi hukwangua kwa msasa, akafuta vumbi, akapaka gundi, kisha akangoja. Gundi ile ni mpira ulioyeyushwa katika kimiminika kinachopaa upesi kama petroli. Kimiminika hulegeza uso wa tyubu, nyuzi za gundi zikapenya, halafu chenyewe kikakauka. Ukibandika gundi ikiwa mbichi, umekifungia ndani, na kiraka kitabaki legelege. (Mvuke wake ni sumu na hushika moto. Msiunuse, wala mtu asiwashe kiberiti karibu.)

Si kila mara tunataka uso unaonata. Glovu za mpira hospitalini ni taabu kuzivaa, hivyo zamani zilitiwa unga. Unga huo ulipeperusha protini za mpira na kuwaletea watu mzio. Marekani ilizipiga marufuku glovu za unga kuanzia Januari 2017. Njia mojawapo badala yake ni kuzichovya katika maji ya klorini. Klorini hubadilisha molekuli za juu tu: uso huteleza, na glovu huvutika kama kawaida. Ikizidi, mpira hukakamaa.

Tairi nalo lina koti lake. Kiwandani huchanganywa na nta, ambayo hujitokeza polepole usoni na kuukinga mpira dhidi ya ozoni ya hewani, inayopasua mpira uliovutwa. Ila nta haivutiki. Tairi likizunguka, koti hilo huvunjika. Ndiyo sababu huongezwa dawa nyingine, ile inayoacha rangi ya kahawia ubavuni. Wapo wanaoisugua kwa petroli ili tairi lipendeze, wakidhani ni uchafu.