Kabla hujamwaga dawa, mfuate sisimizi anakokwenda

Nanenane imeisha, vumbi la Nzuguni limerudi kwa wenyewe, na sisi tunaendelea na kazi.

Siku chache baada ya maonyesho nilipigiwa simu na mama mmoja wa hapa hapa Nzuguni, upande wa chini ukitoka kwenye viwanja. Ana mizabibu kama 80 nyuma ya nyumba. "Bibi shamba, njoo haraka, sisimizi wananimalizia zabibu." Nikamuuliza kama ameshapuliza chochote. Akasema bado, ila chupa ya dawa ameshanunua na kijana wa bomba anakuja jioni. Nikamwambia, mama, huyo kijana mwambie asije kwanza. Nikapanda bodaboda.

Kweli, sisimizi walikuwepo. Kwenye mashina kama kumi hivi walikuwa wamepanga mstari mweusi kutoka ardhini hadi juu kwenye waya, wengine wanapanda, wengine wanashuka. Vichala vimeshaanza kubadilika rangi, zimebaki wiki kama tatu kuvuna, na ada ya kijana wake wa kidato cha tatu iko kwenye vile vichala. Ukiwa na hali hiyo ukaona mstari mweusi unaelekea kwenye matunda, huwezi kukaa ukafikiri. Unataka kuua.

Nilimwomba tuchuchumae pamoja tuangalie kitu kimoja tu: matumbo. Wale wanaopanda walikuwa wembamba. Wale wanaoshuka walikuwa na matumbo yamevimba, yanang'aa kama tone la chai. Sasa sisimizi hawezi kutoboa ganda la zabibu nzima akajaza tumbo namna ile. Kuna mtu huko juu anawamwagia kinywaji. Tukaufuata mstari, tukabandua gome lililolegea karibu na mikono ya mzabibu, na huyo hapo: vitu vyeupe kama pamba, vimelala vimeshikamana. Vidung'ata. Kwenye vichala viwili vya ndani walikuwa wameshaingia katikati ya punje.

Mama akasema, "Kumbe hawa ndio wezi, na wale ni walinzi wao." Sijawahi kusikia maelezo mafupi kuliko hayo.

Biashara yao inakwenda hivi. Kidung'ata anachomeka mdomo wake kama sindano kwenye mmea na kufyonza utomvu. Utomvu una sukari nyingi lakini vitu vya kujenga mwili ni vichache, kwa hiyo inabidi anywe mwingi sana ili apate anachohitaji, na sukari iliyozidi anaitoa kwa nyuma kama maji matamu. Sisimizi anamgusagusa kwa papasi zake, yule anatoa tone, sisimizi analinywa na kwenda kuwagawia wenzake mdomo kwa mdomo. Yale maji matamu yasipochukuliwa yanamwagikia majani na matunda, ukungu mweusi kama masizi unaota juu yake. Ukiona zabibu, embe au chungwa lina masizi, tafuta anayefyonza.

Ulinzi ndio tatizo kubwa. Kidung'ata ana maadui wengi: yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, na nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani ya mwili wake. Sisimizi anawafukuza wote. Shamba lenye sisimizi wengi juu ya mizabibu linakuwa kama zizi lenye mbwa wakali, ng'ombe wanazaliana tu.

Na kwa nini wanakuwa wengi ghafla, jana hawakuwepo, leo maelfu? Sisimizi mmoja akipata chakula anarudi nyumbani huku anagusisha tumbo chini na kuacha harufu. Mwenzake akiifuata na yeye akishiba anaongeza harufu yake. Njia yenye chakula inazidi kunukia, isiyo na chakula harufu inapotea. Hakuna bosi anayetoa amri. Malkia unayemsikia hatawali chochote, kazi yake ni kutaga. Wote unaowaona barabarani ni majike, dada wa tumbo moja, hawana mbawa. Madume wana mbawa, wanatoka msimu wa kupandana na wakimaliza wanakufa.

Hapa lazima niseme jambo langu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikutana na tatizo hilihili kwenye shamba la mzee mmoja, nikamwandikia dawa kali ya kupuliza mzabibu wote. Sisimizi walikufa siku hiyohiyo na mzee akanisifu. Msimu uliofuata vidung'ata walikuwa wengi kuliko mwanzo. Kwa nini? Kidung'ata ana nta mwilini na anajificha chini ya gome, dawa haikumfikia vizuri. Ila wale maadui zake wanaotembea wazi juu ya majani niliwamaliza wote. Sisimizi wapya walitoka ardhini baada ya wiki chache, maana malkia alikuwa salama chini. Yule mzee hakuwahi kunilaumu. Aliniambia tu, "Binti, ile dawa yako iliwapenda wao." Mpaka leo nikipita pale naona aibu.

Kwa hiyo kwa mama hatukupuliza. Zabibu zenye wiki tatu kuvunwa hazipulizwi ovyo hata hivyo, lebo ya chupa ina siku za kusubiri na wengi hatuzisomi. Tulikata vile vichala viwili tukavifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juani. Kwenye gome tulisugua kwa brashi na maji ya sabuni, bila kugusa matunda. Halafu tukafunga kitambaa kigumu kukaza shina, chini ya mikono, juu ya kitambaa tukapaka grisi nzito. Grisi usiipake moja kwa moja kwenye gome, inaweza kuliumiza shina. Lengo ni kuwakata njia, basi. Mlinzi akikosa kupanda, wale maadui wa kidung'ata wanapata nafasi.

Siku ya nne nikarudi, sisimizi wako juu kama kawaida! Tulizunguka nusu saa. Kumbe wanapanda nguzo ya kona, wanatembea kwenye waya kama watu wanaovuka daraja, wanashukia mzabibu. Na shina moja lilikuwa limeegemewa na jani la mgomba. Tukafunga nguzo nazo, tukafyeka majani na kuondoa kila kinachogusa. Jambo jingine ni hili vumbi letu la Agosti: upepo wa Dodoma unafunika grisi kwa siku tatu na inakuwa lami ya kutembelea. Inabidi kupaka upya. Baada ya kuvuna, wakati wa kupogoa, ndipo tutabandua magome yote yaliyolegea na kuchoma mabaki. Kazi kubwa iko hapo, sio sasa.

Tulipokuwa tunamaliza mama akaniuliza, basi na wale weusi wakubwa kwenye njia ya choo niwamwagie ile chupa? Nikamwambia mama, hao waache kabisa.

Hao ni sungusungu. Wengi tunalijua jina kwa sababu ya vikundi vya ulinzi vilivyoanza Usukumani na Unyamwezini miaka ya mwanzo ya 1980, lakini mdudu ndiye mwenye jina. Ukimkanyagia njia anatoa sauti ya mchakato na akikuchoma utakumbuka. Ila kuna aina moja ambayo chakula chake ni mchwa, na karibu mchwa peke yake, tena wale wale wanaolima ukungu kwenye vichuguu ambao ndio wanakata mahindi yako. Mpelelezi mmoja anatangulia, akiona mchwa wanakula anarudi kuita, na wanatoka mamia kwa mstari. Wakubwa wanabomoa udongo ambao mchwa wamejifunikia, wadogo wanaingia kuua, kisha wanarudi na mizigo mdomoni. Watafiti waliowafuatilia kule Ivory Coast walitoa matokeo kuanzia mwaka 2017: waliojeruhiwa vitani wanabebwa hadi nyumbani na wenzao wanawalamba vidonda. Wasiopata huduma hiyo karibu 80 kwa 100 walikufa ndani ya siku moja, waliohudumiwa walikufa kama 10 kwa 100. Mimi nilisoma hiyo nikamsomea mume wangu akasema hao wana bima kuliko sisi.

Na tusichanganye: mchwa si sisimizi. Mchwa ni ndugu wa mende. Ukimshika mwenye mbawa, angalia kiuno. Sisimizi kiuno kimebanwa kama uzi na papasi zimekunjika kama kiwiko. Mchwa, yaani kumbikumbi, hana kiuno na papasi zake zimenyooka. Anayeenda dukani kuomba "dawa ya sisimizi" kumbe ana mchwa, pesa imekwenda.

Siafu kwetu huonekana zaidi wakati wa mvua na ushauri wangu ni mfupi: toa mtoto mchanga, toa vifaranga na kuku anayeatamia, fungua banda, wapishe. Hawana macho, wanatembea kwa harufu na kugusana, na hawakai. Wakiondoka wameshafagia panya, mende na kunguni. Yule mdudu mrefu wa kahawia kama soseji anayejigonga kwenye taa usiku, ambaye watoto wanamwogopa, mara nyingi ni dume la siafu. Hana madhara.

Wale mliopanda mikorosho, na huko Manyoni jirani najua mko wengi, mtawasikia watu wa Mtwara wakizungumza kuhusu majimoto. Ni wale wekundu wanaoshona majani yakawa mpira. Uzi wanautoa kwa watoto wao: mfanyakazi anamshika funza mdomoni na kumpitisha huku na huku kama mshona viatu. Watafiti wa Naliendele na SUA wamefanya kazi nao kwenye mikorosho, maana wanawashambulia mbu wa mikorosho wanaofyonza machipukizi. Zanzibar walishachunguzwa kwenye minazi tangu miaka ya 1950. Wanauma wavunaji, hilo halina ubishi, ila usiwapulizie kabla hujapiga hesabu ya dawa watakayokuokolea.

Sasa niwarudishe kwenye jambo la haraka, maana Novemba iko karibu. Tunaopanda uwele, mtama na ufuta kwenye vumbi kabla ya mvua, hasa wenzangu wa kuberega, tuna adui ambaye hatumhesabu: sisimizi wavunaji. Hawa wanakula mbegu. Wanazibeba moja moja hadi ghalani chini ya ardhi, wanazitafuna na mate mpaka zinakuwa kama donge la unga. Mvua ikilowesha ghala, wapo wanaozitoa nje kuzianika juani, halafu wanazirudisha. Wewe unasubiri mvua, mvua inakuja, shamba linaota mabaka mabaka, unamlaumu muuza mbegu.

Mwezi huu mashamba yako wazi, ndiyo nafasi ya kuwatambua. Tafuta duara la udongo mtupu lisilo na majani, lenye kinyesi cha makapi na maganda ya mbegu pembeni. Chomeka kijiti. Ukipanda, karibu na vijiti hivyo usirushe mbegu juu juu, fukia vizuri, na kama unaweza subiri udongo ulowe kabisa ili mbegu iote kabla haijabebwa. Anayepanda kwenye vumbi anunue mbegu iliyotiwa dawa ya kuhifadhi, na abakize kidogo ya kurudishia mapengo. Kumwaga petroli kwenye shimo, kama nilivyoona mahali, ni kuharibu udongo na kuhatarisha mkono wako.

Cha kuchekesha ni kwamba mdudu huyu ana bei. Mwezi wa 5 mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne, wakiwemo vijana wawili wa Ubelgiji, faini ya shilingi milioni 1 ya Kenya kila mmoja au jela miezi 12. Walikamatwa na maelfu ya sisimizi, wengi wao malkia wa jamii hiyo ya wavunaji, wamefungwa kwenye vichupa vyenye pamba, kwa ajili ya watu wa Ulaya na Asia wanaowafuga nyumbani kama tunavyofuga njiwa. Msije mkaanza kuchimba jamani, ni kosa.

Kwa mama nilipita tena jana. Mistari imebaki kwenye mashina mawili tu, na kwenye gome moja tumemwona yule mwekundu mwenye madoa, wawili. Kuna kichala kingine tumekikata. Chupa ya dawa bado imefungwa, dukani wamekataa kuirudisha, ameiweka juu ya dari mbali na watoto. Jumamosi tunapaka grisi upya, aliye jirani na anayetaka kuona aje saa moja asubuhi kabla ya jua, na asisahau tambara lake.