Njia za Tiba ya Nafsi na Lugha ya Mgonjwa: Mtazamo kutoka Kilo, Ituri

Makala haya yanakusudia kueleza njia nne za tiba ya nafsi, yaani kumtibu mtu kwa mazungumzo, na kuonyesha kwamba kila njia huitwisha lugha kazi yake. Huko Kilo, katika eneo la Djugu, swali hili si la nadharia tupu. Machimbo ya dhahabu yaliyoanza mwaka 1905 yalikusanya watu wa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa kiungo chao. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003, na mauaji yaliyozuka tena Djugu mwishoni mwa 2017, vimewaachia wengi majeraha yasiyoonekana. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, wanafunzi 1,046 wa shule 13 za sekondari za Ituri waliulizwa habari zao. Takriban nusu walikuwa na dalili za kiwewe.

Njia ya kwanza ni uchambuzi nafsi, ulioasisiwa na Sigmund Freud mjini Vienna. Mgonjwa hutakiwa aseme lolote limjialo, ili yaliyofichika hata kwake mwenyewe yajitokeze. Aghalabu huchukua miaka, nayo huhitaji mtaalamu aliyesomea sana; kwa hiyo ni vigumu kuifikisha vijijini.

Ya pili ni tiba ya fikra na mwenendo, ambayo Aaron Beck alichangia kuijenga katika miaka ya 1960. Hushikilia kwamba maumivu huendelezwa na fikra. Mathalani, mwanamke aliyebakwa huamini kosa ni lake. Fikra hiyo hupimwa kwa maswali. Aina mojawapo ilijaribiwa Kivu, ikarahisishwa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2013, miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya wanawake waliotibiwa walibaki na dalili za sonona au wasiwasi, ilhali waliopewa msaada wa kawaida walikuwa asilimia 42.

Ya tatu ni tiba ya masimulizi, iliyotumika katika kambi ya Nakivale, Uganda. Mgonjwa hutandaza kamba chini, akaweka ua penye furaha na jiwe penye msiba, kisha husimulia maisha yake kwa mfuatano. Mwenye kiwewe huishi jambo la kale kana kwamba linatendeka sasa. Kwa lugha ya sarufi, tiba hii hulitoa tukio katika -na- na kulirudisha katika -li-. Lakini Djugu hatari haijaisha. Hapana budi mshauri atenganishe hofu ya jana na tahadhari ya leo.

Ya nne ni tiba ya mahusiano katika kikundi, iliyojaribiwa Masaka na Rakai, Uganda, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2003. Wenye huzuni huketi pamoja wakizungumza juu ya kufiwa, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Inakaribiana na matanga, ila hapa kila mmoja huleta msiba wake.

Njia zote hizi husimama au huanguka kwa neno. Msemaji wa Ituri alalamikaye kwamba ana "mawazo mingi" huenda asijitambue katika neno "sonona". Kabla ya kusanifisha istilahi, basi, wanaisimu wa Kiswahili hawana budi kuyakusanya maneno ya ugonjwa kutoka vinywani mwa wagonjwa wenyewe.