Lugha ya Zamani katika Mashine za Unix: Kwa Nini COBOL Haijastaafu

Maisha ya askari ni ya kuhama. Leo yuko Gitega, mwezi ujao aweza kupangiwa Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, huku mke na watoto wakibaki nyuma. Katika kuhama huko kote, jambo moja halitakiwi kuyumba: mshahara ufike kwa wakati, tena ukiwa kamili. Siku hizi, katika sehemu kubwa ya dunia, kazi ya kukokotoa mishahara na malipo ya uzeeni hufanywa na kompyuta, nayo kompyuta hufuata maagizo aliyoyaandika mwanadamu. Maagizo mengi ya aina hiyo yameandikwa katika lugha iitwayo COBOL, ambayo umri wake wapita miaka 60.

Yafaa ieleweke kwamba lugha hiyo ina uhusiano wa karibu na majeshi. Mwezi wa Mei 1959, Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwakutanisha watengenezaji na watumiaji wa kompyuta ili kutafuta dawa ya tatizo moja: kila mtengenezaji alikuwa na lugha yake, na programu iliyoandikwa kwa mashine moja haikuweza kufanya kazi katika mashine ya mwingine. Kukawa na shauri la kuunda lugha moja ya shughuli za uhasibu na utawala, yenye maneno ya kawaida ya Kiingereza, ili hata mhasibu aweze kuyasoma maagizo na kuyaelewa. Mengi yaliyomo yalitokana na lugha ya FLOW-MATIC, iliyobuniwa chini ya uongozi wa Grace Hopper, mtaalamu wa hesabu aliyejiunga na akiba ya jeshi la maji la Marekani mwaka 1943.

Bibi huyo alistaafishwa mwishoni mwa 1966, lakini mwaka 1967 jeshi likamwita tena kazini. Sababu ilikuwa kwamba COBOL nayo ilikwisha kuwa na lahaja nyingi, kila kampuni ikiisema kwa namna yake. Hopper na wenzake wakatunga majaribio ya kupima kama toleo fulani la lugha hiyo linafuata kanuni zilizokubaliwa. Alistaafu kabisa mwaka 1986, akiwa na cheo cha admirali na umri wa miaka 79.

Huenda msomaji akauliza: mambo haya ya kale yatuhusu nini? Tuchukue mfano wa nyumbani. Sheria ya mwaka 2023 iliipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Mpangilio huo ukaanza kutumika mwaka 2025. Gitega ilibaki na jina lake la mkoa, bali Muyinga iliunganishwa na Cankuzo na Ruyigi kuwa mkoa wa Buhumuza. Hatusemi kwamba ofisi yoyote ya nchi hii inatumia COBOL. Twasema tu kwamba programu yoyote ya malipo, ya lugha yoyote, iliyoandikwa ikiijua mikoa 18, haitaijua Buhumuza mpaka mtu aifungue na kuirekebisha. Sheria hubadilika kwa sahihi. Programu haibadiliki hivyo.

Kuirekebisha kwahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni maandishi ya programu yenyewe, kama yalivyoandikwa na mtungaji. Cha pili ni kompaila, yaani programu ya kutafsiri maandishi hayo kuwa maagizo ambayo mashine huyatekeleza. Mashine kuukuu ikifa pamoja na kompaila yake, ofisi hubaki na maandishi yasiyo na mkalimani. Mnamo Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, gavana wa jimbo la New Jersey nchini Marekani aliomba hadharani msaada wa watu wanaoijua COBOL, kwa kuwa mitambo ya zamani ya jimbo lake ilielemewa na maombi ya waliopoteza kazi. Ikiwa taifa tajiri lilifikwa na hayo, sisi wengine yatupasa kujiandaa mapema.

Habari njema ni kwamba mkalimani huyo apatikana. Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1969, umezaa jamaa wengi, na Linux yenye asili ya 1991 yafuata mwendo wake. Kwa miaka mingi, aliyetaka COBOL katika mashine za namna hiyo ilimbidi anunue leseni kwa makampuni kama Micro Focus ya Uingereza. Baadaye Mjapani Keisuke Nishida akaanzisha OpenCOBOL, ambayo leo huitwa GnuCOBOL na hutolewa bure. Toleo lake la 3.2 lilitoka mwaka 2023. Hufanya kazi kwa hatua mbili: huyageuza maandishi ya COBOL kuwa lugha ya C, kisha kompaila ya C humalizia. Na kwa kuwa C ni mwenyeji katika Unix, mgeni huyu hapati shida ya kukaribishwa.

Hata hivyo, kuipata kompaila si mwisho wa safari. Maandishi ya zamani yalipangwa kwa kadi za kutoboa zenye safu 80, ambapo maagizo huanza safu ya 8 na kukoma safu ya 72. Herufi ikisogea, maana yaweza kuharibika. Faili zilizotoka katika mashine kubwa za IBM huandika herufi kwa alama zisizolingana na zile za Unix. Lahaja nazo bado zipo, ndiyo maana GnuCOBOL humruhusu fundi kutaja ni ipi inayosomwa. Yenyewe hupimwa kwa maelfu ya majaribio ya COBOL ya mwaka 1985, yaliyotokana na kazi ile aliyoitiwa Hopper.

Hapana budi, basi, mashine ya zamani na mpya ziendeshwe sambamba kwa miezi kadhaa, na kila jina lilinganishwe faranga kwa faranga. Ya zamani isizimwe kabla hesabu hazijakubaliana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi maandishi ya programu nayo ni daftari: yatunzwe nakala zaidi ya moja, mahali mbalimbali, chini ya mlinzi anayejulikana kwa jina. Mjane wa askari anayengoja malipo yake Muyinga hana haja ya kujua COBOL ni nini. Anayetunza daftari ndiye apaswaye kujua.